Saa Tisa Isiyo na Siku

Mbarara, Jumapili baada ya ibada

Mama yangu,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu nalisalimu goti lako la kushoto, maana najua mvua ikianza huko Uvira linakusumbua. Mnalala salama? Mnakula? Mimi mwili ni mzima, moyo ndio unaochechemea. Na wewe Furaha, mdogo wangu, unayemsomea Mama barua hii, soma polepole, usiruke kitu hata ukiona kinaumiza.

Mama, nilipokupigia simu kukuambia kwamba nimempata mtu aliyemzika Baba, hukulia. Uliuliza neno moja tu: siku gani? Ukasema huwezi kuondoa matanga ya mtu asiye na siku ya kufa, na kwamba mpaka uipate utaendelea kumwekea sahani yake mezani. Leo nakujibu kwa barua, kwa sababu haya si maneno ya simu.

Kwanza ujue kazi yangu, maana nasikia jirani zako wanafikiri ninatengeneza redio. Niko kwenye ofisi ya watu wanaonunua maziwa. Mawakala wao wa Kabingo na Rugaaga wanatuma ujumbe kusema maziwa yamekamuliwa siku gani na saa ngapi, na mimi ninaifundisha kompyuta kuusoma. Mashine haina akili ya mtu. Lazima uiambie mapema: tarakimu hizi mbili ni siku, zinazofuata ni mwezi, halafu mwaka, halafu saa na dakika. Kila kipande kina herufi yake, m ndogo ni ya mwezi, M kubwa ni ya dakika, na wakala akiweka nukta mahali pa mstari, inakataa ujumbe mzima. Tena sisi tunahesabu saa tangu jua lichomoze, yenyewe inahesabu tangu usiku wa manane, kwa hiyo nimeifundisha pia kuongeza sita. Siku moja nikageuza siku na mwezi. Bosi wangu, Mnyankole, mwenyeji wa huku anayependa utani, akanijia na karatasi mkononi: "Wewe Mukongo, hii maziwa ya Rugaaga, kompyuta yako inasema imekamuliwa mwezi ya kumi na mbili. Sisi tuko mwezi ya tano. Hiyo ng'ombe iko wapi? Mimi nataka kuinunua." Walinicheka wiki nzima.

Sasa habari ya Baba Riziki. Unamkumbuka, yule aliyekuwa akifanya biashara ya mbuzi na Baba, wakakimbia pamoja vita vilipokuja. Nilimkuta Nakivale, kwenye kambi ya wakimbizi, ameketi mbele ya hema lake anapukuchua mahindi, na alipoanza kunisimulia hakuacha kupukuchua.

"Baba yako nilimuzika na hii mikono," alisema. "Ilikuwa saa tisa ya muchana."

"Ulijuaje ni saa tisa?"

"Nilitazama saa ya mukono yake. Tulimuzika nayo. Ilikuwa ingali inatembea."

Nikamuuliza siku. Hapo ndipo mikono yake ilipotulia. "Mutoto yangu, watu banakimbia, nani atahesabu siku? Mvua ilikuwa mingi. Fasi ile tulikuwa, hata siku ya ibada hatukuijua."

Mama, tangu nirudi Mbarara, Baba yuko ofisini. Ikifika saa tisa ya mchana nasikia kile kikohozi chake, mara mbili, kama alivyokuwa akikohoa mlangoni ili tujue anaingia. Nageuka, naona feni tu. Naogopa, na siku nisipokisikia naogopa zaidi.

Wiki iliyopita, wenzangu walipotoka kwenda kula, niliiambia mashine isome saa peke yake, nikaiandikia ile saa tisa. Siku sikuweka, mwezi sikuweka, mwaka sikuweka. Nilitaka ikatae, nisiwe peke yangu nisiyejua. Haikukataa. Ilinijibu: tarehe moja Januari, mwaka elfu moja mia tisa, saa kumi na tano kamili, ndiyo saa tisa yetu. Najua sababu yake. Ukiipa saa bila siku, pengo inalijaza yenyewe, ndivyo ilivyotengenezwa. Lakini niliisoma tena na tena. Mwaka ule Baba alikuwa hajazaliwa, na tayari alikuwa na siku ya kufa.

Hata kule kambini, tulipofika, ndivyo tulivyofanyiwa. Asiyejua siku aliyozaliwa aliandikiwa tarehe moja Januari, na majirani zangu wengi siku yao ni hiyo hiyo. Hatukulalamika, tulitaka kadi ya chakula.

Baba mdogo naye alinipigia. "Tafuta siku yoyote, umupatie mama yako, apumuzike." Nikakubali. Nilichagua Alhamisi moja ya mwezi wa nne, nikaandika barua nzima, nzuri, yenye mvua ndani yake. Ungeiamini. Ungepika, watu wangekuja, mchungaji angeomba, na kila mwaka ungelia siku niliyoiokota mimi kwenye kalenda ya ukutani. Niliichana.

Kwa hiyo siku sina, Mama, na sidhani kama kuna mtu aliye hai anayeijua. Baba amekufa, hilo nalijua, na ilikuwa saa tisa. Siku ichague wewe. Uliishi naye, unajua siku alizozipenda na zile alizokuwa hasemezeki. Ukiichagua mwenyewe, ukijua kwamba umeichagua, haitakuwa uongo. Siku hiyo ondoa sahani. Mimi nitaomba ruhusa kazini, nitakaa mahali nimlilie, kwa sababu bado sijamlilia.

Msalimie Baba mdogo, mwambie sikumtii lakini sikumkasirikia. Msalimie shangazi, dada yake Baba, pale sokoni kwenye dagaa zake, na mke wa mchungaji anayekuchotea maji goti likikataa.

Ukishaichagua siku, Furaha anitumie ujumbe. Asihangaike na tarakimu. Aandike vile utakavyotamka kwa mdomo wako, hata kama ni siku ya soko baada ya kuvuna maharage. Nitausoma mimi mwenyewe.

Mwanao,
Amani