Nilinyoosha Kidole Mdomoni Mke Wangu Alipotaka Neno

Mpendwa Mama Alegra, pokea salamu zangu na unisikilize, maana nimefikishwa pabaya na jambo nililodhani ni jema. Mimi ni Hanania Dahan, mwokaji mikate hapa Safed, nina miaka hamsini na minne, na hasira nimezaliwa nayo, baba yangu alihama nayo kutoka Moroko nami nikairithi pamoja na tanuri lake. Miaka miwili iliyopita, mezani siku ya Sabato, baba mkwe alinitania kwamba mkate wangu una chumvi kuliko samaki, nikalirusha sinia ukutani mbele ya wageni. Aibu ile ilinipeleka kwa Rabi Nissim, anayetufundisha mafumbo ya wahenga wa mji huu, akaniambia mtu akikasirika roho yake humhama na kitu kingine huja kukalia kiti chake. Akanipa dawa, siku moja kila mwezi nifunge kusema, nisinene na mtu yeyote, nisome Zaburi zote mara tatu.

Mama, dawa ilifanya kazi, sikupiga kelele tena, watu sinagogini wakaanza kunisifu, "Hanania kawa mtu mwingine," nami nikanogewa, nikafanya kila Jumatatu, nikaongeza na Alhamisi, mwisho nikaweka nadhiri ya siku arobaini za kimya, kila Jumatatu na Alhamisi bila kukosa, ikawa mke wangu akianza kulalamika habari za bomba au za watoto, nanyoosha kidole mdomoni na kumwonyesha kitabu. Siku moja aliniambia, "Afadhali zamani ulipovunja vyombo, nilijua uko nyumbani." Nikaona hajaelewa mambo ya roho.

Jumatatu iliyopita alirudi kutoka hospitali akanikuta jikoni, niko duru ya tatu, zimebaki Zaburi kama thelathini. Akasimama na mkoba begani akasema, "Hanania, ule uvimbe wa titi si mzuri. Wananipasua Alhamisi ya wiki ijayo. Sema neno." Neno lilinifika mdomoni, Mungu ni shahidi, lakini nikawaza nikitamka sasa siku nzima imeharibika na nadhiri pia, na kwamba nitamwombea kwa hizo zilizobaki, basi nikanyoosha kidole. Alinitazama mpaka birika likachemka, akazima jiko, akatoka. Sasa yuko Tiberia kwa shemeji yangu Mazal, na nikipiga simu Mazal ndiye anayepokea. "Anasema uendelee na funga yako, hataki kukukatiza."

Alhamisi hii ya upasuaji ni siku yangu ya kimya. Naomba unielekeze, nibaki sinagogini nifunge kwa ajili yake ili sala iwe na nguvu, au niende huko na kupoteza yote niliyojenga?

Hanania, Safed

MAMA ALEGRA ANAJIBU

Hanania, barua yako nimeitanguliza mbele ya za wenzio kwa sababu leo ni Jumapili, na Alhamisi haimngoji mtu.

Pole. Aliyepigana na hasira yake miaka miwili si mtu mbaya, na ninakuonea huruma. Lakini usinifanye mtoto. Rabi wako alikupa siku moja kwa mwezi. Hizo nyingine umejitungia, kwa kuwa ulionja sifa, na kwa kuwa uligundua kidole kinamnyamazisha mke upesi kuliko sinia. Hasira yako bado iko palepale jikoni, bwana, imejifunza adabu tu.

Umekulia Safed na hukusikia walichosema wahenga wetu kuhusu mwanzo wa dunia? Kwamba Mungu alijaza kila mahali, kisha akajizuia, akajivuta kando, ili mwingine apate pa kusimama. Kujizuia kulianzia hapo. Mke wako alisimama na mkoba begani akitafuta pa kuegemea, na wewe ukajaa jiko zima na kimya chako. Na usijitie hamnazo kuhusu sheria. Mtu aliyehifadhi Zaburi anajua kwamba mgonjwa hutangulia mbele ya funga ya hiari.

Kesho, hata kama ni Jumatatu yako ya kimya, baada ya sala ya asubuhi, wakalishe watu watatu, useme mbele yao kwamba unaijutia nadhiri hii, wakufungue nayo kama sheria yetu inavyoruhusu. Ni dakika tano, hata chai haitapoa. Kisha funga duka, upande basi la Tiberia. Kitabu kiache nyumbani. Chukua mkate ule anaoupenda, kama unaujua. Mazal akikufungia mlango, kaa kwenye ngazi, na akikutukana usijibu, hapo ndipo kimya chako kitakuwa na kazi. Mke wako akitoka, usimhubirie. Mwambie, "Nilikusikia, nikaogopa, nikakukosea," kisha muulize Alhamisi ni saa ngapi. Akikufukuza, ondoka, na kesho yake urudi.

Jambo la mwisho. Nilipomaliza kukusoma nilichukua kalamu nimwandike kwenye karatasi ya wagonjwa tunaowaombea. Unajua tunavyowaombea, jina la mgonjwa na jina la mama yake. Nikarudia barua tangu juu. Nikaona jina lako, la rabi wako, hata la Mazal. La mke wako halimo. Nenda kalitamke mbele yake, naye alisikie kutoka kinywani mwako, ndipo unipigie uniambie niandike nani, binti wa nani. Mstari wake nimeuacha wazi.