Nilibebwa, Sasa Natembea

Kwa Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Pokea na shikamoo za siku zote nilizokupigia simu nikakuamkia mbiombio kama mtu anayekimbilia basi. Naandika nikitumaini kifua kimetulia, na kwamba ile dawa unaivuta asubuhi na jioni kama ulivyoelekezwa, si pale tu Mama anapokukodolea macho. Goti nalo linasemaje ukipanda ngazi? Usinibishie, Baba, najua unapanda. Mama kaniambia umempakia jirani rangi madirisha yote, eti unajinyoosha viungo. Mimi huku mwili ni mzima. Hayo mengine ndiyo yaliyonifanya nishike kalamu.

Utajiuliza barua ya nini na simu ipo. Simu yenu, jamani, si simu, ni mkutano wa hadhara! Mama anaweka spika, jirani anasogeza kiti, na mimi nikisikia tu kile kikohozi chako kabla hujaitika, maneno yote yananikauka mdomoni. Barua hii anakuletea mama mmoja mtu mzima aliyekuwa akitupikia chai ofisini. Anapita huko kwenu akielekea kwa dada yake. Mkaribisheni vizuri, habari zake utazikuta humu humu. Nakuomba uvae miwani, ukae peke yako, uisome yote kabla gari la ofisi halijaja kukuchukua Jumamosi. Kabla hujaweka mguu ndani ya gari hilo, Baba. Ukishaisoma utaamua mwenyewe kama unapanda au hupandi.

Nasikia umeshonesha koti. Mama anasema unalivaa ndani ya nyumba, unatembea nalo kutoka chumbani hadi jikoni na kurudi, na kila anayepita unamwambia kwamba wakubwa wa binti yako wanakualika ukae kiti cha mbele. Kiti cha mbele ni kweli, na jina lako limeshabandikwa. Niliposikia habari ya koti nilijifungia chooni nikalia, halafu nikanawa uso nikarudi kazini.

Ngoja nikueleze hiyo kazi, maana nimekuwa nikikupaka mafuta kwa mgongo wa chupa muda mrefu. Ofisi yetu iko ghorofa ya juu kabisa. Ina zulia la kijivu na vioo kila upande, na madirisha yake hayafunguki. Watu ndio wanaotakiwa kufunguka. Kila Jumatatu tunapanga viti kwa duara, tunavua viatu, na kila mtu anaeleza jeraha lake la moyoni. Kazi yetu hasa ni kutetea wanyonge, kuandika ripoti zao na kuwasemea kwa wakubwa, lakini inasemekana huwezi kumtetea mnyonge kabla hujaonyesha kidonda chako mwenyewe. Mwenye kidonda kikubwa husikilizwa zaidi vikaoni. Usicheke, ndivyo ilivyo.

Mkurugenzi wetu ni binti wa jaji. Jeraha lake ni kwamba alipelekwa shule ya bweni ya matajiri, na siku za kutembelewa baba yake akawa anamtuma dereva badala ya kwenda mwenyewe. Akisimulia hulia kwelikweli, si maigizo, na mimi pia humwonea huruma. Si watu wabaya, Baba, na hapo ndipo nilipokwama. Nilipougua mafua makali Mkurugenzi huyo huyo aliniletea supu kwa mkono wake. Mtu mbaya ningemtukana kimoyomoyo nikalala usingizi wangu.

Zamu yangu ilipofika mara ya kwanza, nilisema kwetu hatukuwa na kitu lakini tulikuwa tunacheka mpaka mbavu zinauma. Waliangaliana kwa huruma kama nimetangaza msiba. Mshauri wetu, yule anayeongoza duara, akasema kicheko ni kifuniko, akaniuliza chini ya kifuniko kuna nini. Nikamjibu labda kuna sufuria. Hakucheka hata mmoja! Basi muda wangu wa majaribio ulipokwisha sikuthibitishwa kazini, ukaongezwa mwingine. Ripoti zangu walizisifu, ila walisema bado sijafunguka, na kwamba mtu aliyetoka chini kama mimi hawezi kukosa kiwewe, ila tu ninakikimbia.

Sasa huyu mama wa chai. Siku moja Mkurugenzi karudi likizo, mama wa watu kamlaki na sinia lake, kamwambia amenenepa na kupendeza, likizo imemkubali. Wewe na mimi tungesema ahsante. Mkurugenzi alikwenda msalani, akatoka macho mekundu, na adhuhuri hiyo hiyo likaitishwa duara. Mama wa chai akakalishwa katikati yetu, sinia mapajani, akaelezwa jinsi neno lake lilivyochoma. Aliomba radhi mpaka akaishiwa maneno. Kisha Mshauri, kwa upole wote, akamtaka naye ataje jeraha lake. Akasema ni ngazi zile, miguu inamvimba, kama ingewezekana birika likawekwa huku juu. Akaambiwa huo ni mwili tu unaosema, aangalie chini zaidi. Maskini, akainama akaiangalia miguu yake.

Mwisho wa mwezi hakuongezewa mkataba. Walisema mazingira yetu hayamfai, hana lugha ya hisia, na akibaki pale ataendelea kuumiza watu bila kujua. Walimkumbatia mmoja mmoja wakampa mshumaa wa manukato. Mimi niliuma ulimi. Nilijua anayefuata ni nani.

Siku chache baadaye ndipo kifua chako kilipokubana ukashindwa hata kusema. Unakumbuka Mama alivyopiga simu akipiga kelele. Daktari akasema dawa ipo ila ni ya kuvuta kila siku, maisha yako yote. Na bima ya ofisi humlipia mzazi wa aliyethibitishwa tu. Nilikwambia wamenithibitisha kwa sababu ya bidii yangu, nawe ukanisifu mpaka Mama akakunyang'anya simu. Haikuwa bidii, Baba. Jumatatu ile nilifunguka.

Sasa vuta dawa kwanza, kisha endelea kusoma.

Nilitafuta jeraha usiku na mchana nikakosa. Ulininyima nini wewe? Basi nikachukua kile nilichokuwa nacho, ule msimu wa mvua ulipokuwa ukinibeba mabegani kwenda shule. Ile njia ya tope, viatu vyangu pekee umevifunga kamba ukavining'iniza shingoni, soksi nyeupe mfukoni mwako, mimi juu nimekushika masikio. Sikio la kushoto nikilivuta unakata kona kushoto, la kulia unakata kulia, pua nikiibonyeza unapiga honi hadi watu wanaruka pembeni. Masikio yako yalikuwa na madoa ya rangi, na kwa rangi ile nilijua leo unapaka nyumba ya nani. Ulikuwa ukiniita Dereva. Nilifika shuleni msafi kuliko watoto wote, na wapo walioomba uwabebe nao.

Hilo ndilo nililowapa. Na sikusema uongo hata neno moja, nilibadilisha sauti tu. Nilisema nilibebwa. Nilisema miguu yangu haikugusa ardhi, na viatu vyangu vilikuwa shingoni mwa mtu mwingine. Mshauri akaniuliza mwili ulihisi nini kule juu, nikasema niliogopa kuanguka. Si kweli? Niliogopa, nikacheka, nikakwambia uongeze mwendo. Kuogopa nikakutaja, kucheka nikakumeza. Duara zima likalia. Mkurugenzi alinikumbatia, na Mshauri akatamka kwamba mimi ni mtoto niliyenyimwa miguu yangu mwenyewe na baba aliyeona aibu ya umaskini wake. Nilithibitishwa juma hilo hilo, nawe ukaanza kupumua.

Niliapa ni mara moja tu. Weee! Walinipeleka ofisi nyingine, kisha kumbi, kisha mbele ya wafadhili. Nimekuwa fundi. Najua pa kunyamaza ili waanze kutoa vitambaa mifukoni. Wametengeneza mabango yenye picha yangu, nimesimama peku kwenye sakafu ya saruji, juu yameandikwa: Nilibebwa, Sasa Natembea. Bango mojawapo lipo mlangoni kwa kinyozi, na kila nikipita navuka barabara.

Na kuna adhabu ambayo hawaijui. Zamani nikizidiwa na mji huu nilikuwa nafumba macho, naisikia honi yako, nacheka peke yangu. Siku hizi nikifumba macho nasikia ukumbi mzima ukipenga kamasi. Nimekutafuta humo ndani mwangu sikuoni vizuri. Nakuona vile wanavyokuona wao.

Jumamosi ni Siku ya Kusameheana. Mkurugenzi amekuita ili nikusamehe mbele za watu. Nitasimama jukwaani bila viatu, nitasimulia yote, kisha nitakugeukia pale kiti cha mbele, ndani ya koti lako jipya, niseme nimekusamehe. Halafu watakupa maikrofoni.

Sina wasiwasi kwamba utanikasirikia. Ungekasirika ningepona. Ninachoogopa ni kwamba utaamini. Nakujua. Ukiambiwa ulimwumiza mwanao, hutauliza ushahidi, utavua kofia, utasema nisamehe mwanangu, na utalisema kwa moyo wako wote. Watapiga makofi wamesimama. Na wewe utarudi nyumbani ukiwaza kila tope ulilonivusha. Nisikie, Baba: hukunikosea kitu. Usiombe msamaha. Hata wakikushikia maikrofoni mdomoni, usiombe.

Mara kadhaa nimeandika usije, nikafuta. Usipokuja, nitakusamehe ukiwa hupo, na uongo utabaki umekaa kwenye kiti chako. Ukija ukanyamaza, vivyo hivyo. Njia nyingine ni moja tu, nishuke jukwaani nitoke nawe, na siku hiyo hiyo bima imekwisha. Kama ni mimi tu wa kuumia, ningekuwa nimeshatoka zamani. Lakini kifua ni chako, na mimi sina haki ya kukuamulia kwa mara ya pili bila kukuuliza. Kwa hiyo nakuuliza.

Ukikaa pale mbele ukatulia, nitajua umechagua kupumua, nami nitasema maneno yao yote na hatutayazungumza tena maishani. Ukishika sikio lako la kushoto ukalivuta, nitajua. Mlango wa kutokea uko kushoto. Nitakata kona katikati ya sentensi, nije nikushike mkono. Kunibeba hutaweza, na mimi nitakuwa peku, kwa hiyo tutakwenda polepole.

Mwambie Mama nampenda, na usimsomee sehemu ya Mkurugenzi maana atapanda gari hilo yeye badala yako. Msalimie jirani na madirisha yake. Huyo mama wa chai mpeni kiti chenye mgongo, ainue miguu.

Nakutakia pumzi nyepesi, mzazi wangu.

Ni mimi mwanao,
Dereva