Wamemwita Babu Kibaraka wa Mrusi

Bahiya, posa yangu imevurugika na wala sijutii!

Wajomba zake Marselino, mchumba wangu, walikuja kwetu Temeke vizuri tu, wakala pilau. Mjomba mkubwa akaona ukutani picha ya babu Polikarpo, kijana kabisa, kavaa kofia ya manyoya. Ni kule Moscow, alikopelekwa kusomea ufundi baada ya uhuru.

Akacheka. "Kumbe tunaoa kwa kibaraka wa Mrusi!"

KIBARAKA. Mbele ya babu mwenyewe!

Babu akaweka kikombe chini.

"Hilo neno nalijua. Niliporudi, bosi wangu aliniita hivyohivyo. Akanitaka niseme mbele ya wafanyakazi kwamba Warusi siwapendi tena. Watu walionifundisha, na nilipougua wakakesha nami! Nikakataa, nikafukuzwa kazi. Kibaraka hulipwa, mwanangu. Mie nililipishwa."

Mjomba eti, "Ni utani tu, mzee."

Shosti, nikasimama. Mie niliyeambiwa leo nisifungue mdomo! Nikamwambia, "Mjomba, nakuheshimu, lakini muombe babu radhi. La sivyo, posa yenu rudini nayo."

Rudini nayo! Nimesema hivyo kweli!

Akakataa. Akatoka na wenzake wote. Mama analia chumbani, anasema nimejiharibia. Na kesho wakija tena nitarudia vilevile.

Ila Marselino hakuwafuata. Mpaka sasa amekaa na babu pale sebuleni, anamuuliza Warusi "rafiki" wanasemaje.