Kwa Mtani Wangu Mpare, Kuhusu Makopo na Macho

Mtani wangu mwalimu, uliyetoroka ukaenda kujificha Upareni,

Kwanza ujue unaandikiwa na bingwa. Kuanzia Kwa Sadala mpaka Moshi mjini, kupanda Kibosho yote hadi msitu unapoanzia, hakuna mtu aliyeibua makopo mengi ya Wazungu kuliko mimi, na yote nimeyaona kwa macho yangu haya mawili, bila kuonyeshwa na mtu.

Najua binti yako anayekusomea hapa amesimama kidogo, maana wewe unacheka. Mwache acheke, mwanangu, halafu uendelee. Haya, ni uongo. Karibu makopo yote uliyaona wewe. Mimi nilikuwa nazunguka nikipiga kelele, wewe unasimama tuli, unainamisha shingo kama kuku anayesikiliza, halafu unaingiza mkono mahali ambapo mimi nisingeingiza hata fimbo. Na ndiyo sababu ya barua hii. Mtu aliyekuwa na macho yale sasa ameketi barazani Same, anasema ameridhika na kivuli alichobakiwa nacho. Mimi sijaridhika. Daktari wa macho pale mjini alikuambia, nikiwa nimekaa pembeni yako, kwamba ni mtoto wa jicho, anatolewa, unarudi nyumbani. Ukajibu utafikiri. Umefikiri mpaka mahindi yamevunwa na mengine yamepandwa.

Naiandika barua hii wazi, kila mtu aisome, kwa sababu mtani hasemwi chumbani. Wasiotujua wajue kwamba wewe ni Mpare uliyeletwa Kibosho kufundisha, ukaoa kwetu, ukastaafu kwetu, ukamzika mama watoto kwetu, na bado ukawa unatuita "ninyi Wachagga" kana kwamba umeshuka jana. Mimi ni jirani yako, niliyeiacha shule darasa la tano, shule nayo ikashukuru. Wewe una ruhusa ya kusema kwamba mimi nikifa watikise sarafu sikioni mwangu wahakikishe. Mimi nina ruhusa ya kusema kwamba wewe ungemshtaki hata jogoo kwa kuwika kabla ya saa yake. Hakuna wa kununa. Ndivyo walivyotuachia wazee.

Unakumbuka hili la makopo lilivyoanza? Yule mama wa Kizungu aliyeingia kihambani kwangu, kwenye migomba ya ukoo, asubuhi, simu mkononi, kichwa chini, anakwenda mbele, anarudi nyuma, anauzunguka mgomba uleule kama mbuzi aliyefungwa kamba. Nilikuwa nimejibanza nyuma ya banda la ng'ombe na panga langu. Huku kwetu mtu akitembea shambani mwako anaangalia chombo, ujue ardhi inapimwa, na ardhi ikipimwa ujue kuna mtu atalala njaa. Nikaagiza uitwe kwa ajili ya Kiingereza chako. Ukaja, ukaongea naye kwa muda mrefu, ukanirudia umekunja uso.

"Anatafuta kopo," uliniambia.

Nikauliza kopo gani.

"Kopo tu. Lina karatasi ndani. Akilipata anaandika jina lake, analirudisha lilipokuwa."

Nikangoja umalizie. Kumbe ulikuwa umemaliza.

Mchezo wenyewe una jina la Kizungu, jiokeshingi, ambalo meno yangu hayalishiki, ndiyo maana nauita kutafuta kopo. Mtu analificha mahali, anaandika namba za mahali hapo kwenye mtandao, na mwingine aliye popote duniani anazichukua hizo namba, anakuja. Hapewi kitu. Huyu mama alivuka bahari, akafika mpaka kwenye mfongo wangu, ule mfereji babu zetu waliouchimba kuleta maji kutoka msituni, akapiga magoti kwenye tope, akavuta jiwe moja la ukingo. Nyuma yake palikuwa na kikopo kimezungushiwa utepe mweusi.

Mtani, kwenye mfongo ule nimechota maji tangu nikiwa mtoto. Nimechapwa pale kwa kuyaziba maji zamu ya jirani. Naosha miguu pale kila jioni. Lile jiwe nililikalia. Wewe ukakikunjua kile kikaratasi ukaanza kunisomea: huyu katoka nchi ambayo ziwa huganda magari yakapita juu, huyu Mjapani, huyu kaja na mkewe mtarajiwa. Watu hao wote walisimama ninapooshea miguu, nami nilikuwa wapi? Nilikuwa nakamua ng'ombe. Nilidhani mahali pangu hapajulikani hata na serikali.

Yule mama akaondoka, nami nikabaki nimelikodolea jiwe langu. Padre hutuambia kila Jumapili kwamba Mungu anaona hata unywele ukianguka, nami huitikia amina kwa mazoea huku nikifikiria supu. Siku ile ndiyo nilianza kuamini. Kama hivyo vyuma ulivyosema vinazunguka huko juu vikiielekeza simu, vilivyotengenezwa na watu ambao hata pombe yetu ya mbege hawaijui, vinalijua jiwe la mfongoni kwangu, sembuse Mwenyewe.

Ukaziingiza namba za makopo mengine kwenye simu yako, tukaanza kutembea. Si Jumamosi, maana wewe ni Msabato, na Msabato hatafuti kopo siku ya Bwana, hata kopo likimlilia. Mjini karibu na stesheni ya zamani ulisema liko chini ya chuma fulani, limeng'ang'ania kwa sumaku, lakini watu walikuwa wengi na sheria ya mchezo ni kwamba asiyehusika asikuone. Ukaniambia niwavute wale watu watazame kwingine. Mimi nikapanda kwenye jiwe nikaanza kuhubiri. Sikujua kama ninayo karama. Watu walijaa, wewe unajifanya unafunga kamba za viatu, unapapasa chini ya chuma, nami pumzi inaniishia. Mama mmoja akasogea na mtoto mgonjwa mgongoni, akaomba aombewe. Nikakutazama, ukageuka kando. Nikamwekea mtoto mkono, nikaomba, na nakwambia hadi leo sijawahi kusali kwa kumaanisha kama siku ile, kwa sababu niliogopa sana Mungu asije akadhani namchezea. Tulipotoka pale na jina letu limeandikwa, hukucheka kama nilivyotegemea. Uliuliza kama nadhani mtoto atapona. Nikasema atapona. Tukatembea mpaka sokoni.

Safari ninayosimulia kila nikialikwa, lakini, ni ile ya masale. Simu ilitupeleka juu, ukingoni mwa bonde, hadi kwenye mpaka wa vihamba viwili. Wewe uliona ua wa majani marefu tu. Kwetu sale ndiyo mpaka, sale ndiyo kaburi la babu, na mtu haling'oi hivihivi. Lakini tamaa ya kopo ilikuwa imetupanda kichwani. Tukapiga magoti mchana kweupe, tunapekua mashina ya masale kwa vijiti kama fuko, wazee wawili, mmoja Mpare.

Mwenye kihamba, mama mmoja, alitokea na mundu. Angepiga kelele ningepumua. Aliniita mzee kwa Kichagga, akauliza kwa upole, "Meku, huu mpaka mnauhamishia wapi?"

Majirani wakaanza kutokeza kati ya migomba. Na wewe, badala ya kunyamaza, ukasimama, ukapangusa magoti, ukaanza kumweleza yule mama kwamba kisheria kosa haliwi kosa pasipo nia. Hapo nikajua tunakufa. Mpare akishaanza sheria, hata aliyekuja kushuhudia anageuka mshtakiwa.

Nikachuma jani moja la sale, taratibu, mikono yangu ikionekana. Nikalifunga fundo. Nikampelekea kwa mikono miwili, nimeinama kama sikuwahi kumtukana mtu maishani. Jani likiletwa hivyo ni kuomba msamaha, na halikataliwi huku. Hata mtu aliyeuliwa nduguye hulipokea. Yule mama akaliangalia, akaniangalia, akaweka mundu chini, akalipokea. Na majirani wote, mtani, wote, wakarudi kwenye shughuli zao kana kwamba palikuwa na mvua nayo imekatika. Jani lilelile ambalo mbuzi analipita. Nilijua litafanya kazi, na bado nilipoliona linafanya kazi nilibaki nimeinama vilevile.

Alipouliza tulikuwa tunatafuta nini nikamwambia. Akaniuliza kama kwetu makopo yameisha. Halafu akatuingiza ndani akatupa kiburu, ndizi na maharage vya moto, tukala. Ni katikati ya kile chakula ulipoisogeza simu mpaka ikagusa pua, ukaikodolea, kisha ukanipa.

"Hebu nisomee hiyo namba ya mwisho," ulisema.

Nikasoma. Ulikuwa umeingiza nane mahali pa tatu. Kopo lilikuwa ng'ambo ya bonde. Hukucheka. Na mimi, ambaye ningeweza kuishi juu ya kosa lile mwaka mzima, nilikurudishia simu. Nilichovya ndizi kwenye chumvi nikatazama pembeni.

Toka hapo mimi nikawa macho yako na wewe ukawa kichwa changu, na sijui nani alipunjika zaidi. Ndivyo tulivyopanda ile mara ya mwisho, kupita kahawa ya mwisho, kupita hata viazi, mpaka msituni ambako maporomoko unayasikia kabla hujayaona. Ukungu mzito, wewe umeshika pindo la koti langu, mimi nasoma namba kwa sauti kama mtoto wa chekechea. Simu ikasema tumefika. Palikuwa na mti mmoja mkubwa umevaa ndevu za kijani mpaka miguuni. Nikapekua, nikapanda, nikashuka, nikalaani aliyelificha pamoja na ukoo wake. Ukaniambia nikae. Ukapiga magoti, ukaweka shavu kwenye lile gome, mikono yako ikaanza kutembea kwenye mizizi polepole, kama mama anayempapasa mtoto mwenye homa. Ikaingia tunduni. Ikatoka na kopo.

Nilikuwa nimeshafungua mdomo kulalamikia magoti ndipo ukungu ulipopasuka. Mlima ukatoka.

"Mbona umenyamaza?" uliuliza.

Nikasema umetoka. Ukageuka kuutazama, ukageukia upande usio wenyewe. Nikakushika mabega nikakugeuza. Ukakodoa. Ukasema unaona weupe tu, kama shuka limeanikwa.

"Basi niambie wewe."

Mtani, nimezaliwa chini ya Kibo. Kila asubuhi nautazama kujua kama nianike kahawa au nisianike. Hakuna mtu aliyewahi kuniomba nimweleze ulivyo. Nikasema, "Ni mkubwa." Ukasema hilo hata watoto wa darasa la kwanza wanalijua. Nikajaribu tena. Nikasema theluji yake imepungua, kama kofia ya mzee iliyofuliwa mno, lakini kwa alivyokaa nayo huwezi kumcheka. Nikasema chini ya theluji jiwe lina rangi ya kahawa iliyokaangwa. Nikasema kutoka mjini unauona umesimama mbali na watu, ila kutoka pale umetuinamia kabisa, kama mtu anayechungulia kitanda cha mtoto. Na nikasema nahisi kama sisi ndio tuliofichwa pale, wewe na mimi, na yeye ndiye aliyetupata. Sijui lilitoka wapi neno hilo. Ukanishika mkono, tukasimama hivyo mpaka ukungu ukafunga.

Tukiwa tunashuka ukaniambia umemaliza, unarudi kwenu. Nikadhani ni utani.

Sasa naenda mfongoni peke yangu. Kuna majina mapya kwenye karatasi, mengine kwa herufi zilizokaa kama nyayo za kuku, na hakuna wa kunisomea. Nilijaribu kutafuta moja kule chini, nikalipata, nikainua kichwa nikutambie, nikakuta mbuzi. Kutafuta kopo peke yako ni kama kucheka peke yako njiani. Watu wanakupisha.

Najua unachoogopa. Uliniambia siku tunatoka kwa daktari: wakikosea, utapoteza hata kile kivuli. Kwa hilo sitakutania. Mimi niliogopa kung'oa jino mpaka shavu likawa boga. Lakini ni wewe uliyekuwa unaingiza mkono kwenye matundu meusi. Nilikuuliza siku moja, je, kama kuna nyoka? Ukanijibu hukohuko mkono ukiwa ndani: "Aliyelificha alitaka lipatikane." Nimelifikiri neno hilo kuliko mahubiri yote niliyosikia, na yale yangu nikiyaweka humo. Mwanga haujaondoka jichoni mwako. Umefichwa tu, kwa utando mdogo ambao daktari ameshauona ulipo.

Njoo. Chumba kipo, kuku nimewahamisha. Jumamosi yako nitaiheshimu, mbege nitainywa nje. Siku ya kufanyiwa nitakaa kwenye benchi la hospitali, na naahidi sitahubiri.

Kisha kuna kitu kidogo unanidai, samahani, ninakudai. Kule msituni nilikusimulia mlima mpaka maneno yakaniishia, mimi ambaye haijawahi kunitokea, na wewe hukunirudishia hata sentensi moja, mwalimu mzima. Asubuhi watakapokutoa bandeji tutatoka nje mapema, kabla mawingu hayajapanda. Mimi nitafumba macho. Naomba unisimulie.

Mtani wako wa Kibosho