Nilichagua Hapana

Ziwa la Fisimaji,
Jumapili, 9 Machi

Mpendwa dada Geraldine,

Natumaini u mzima, wewe na shemeji, na kwamba kile kikohozi cha mtoto kimekwisha. Huku hatujambo. Barafu ziwani bado ngumu, wavuvi wamekaa juu yake na ndoo zao. Mama anaenda zahanati mara tatu kwa wiki kusafishwa damu, na kila mara humwambia muuguzi kuwa mashine ile inakoroma kama marehemu baba.

Uliniuliza kwa nini kasino yetu imepunguza wafanyakazi, nikakujibu juu juu. Ukweli ni kwamba watu wanabeti kwenye simu, kwa kampuni moja ya mbali ambayo haitaki kabisa kusikia neno kamari. Yenyewe inasema ni soko la utabiri: unanunua jibu, Ndiyo au Hapana, likiwa sahihi unalipwa, na bei yake inapanda na kushuka kama ya mahindi, kadiri watu wanavyoliamini. Sisi, kabila lenye ardhi hii, ili tuweke meza za karata tulisaini mkataba na jimbo, tukakaguliwa mpaka taa za chooni. Wao wameingia hadi jikoni mwetu bila kubisha hodi. Na unajua kasino ndiyo inayolipia zahanati.

Baraza la kabila limewashtaki kwa kuchezesha kamari kwenye ardhi yetu bila ruhusa. Mjomba Orville, ambaye sasa ndiye mwenyekiti, alikuja ofisini kwetu wakaguzi wa kasino akaniambia, "Ramona, wewe tangu mdogo ulikuwa unafungua redio kumtafuta anayeongea ndani. Hebu nifungulie na hii."

Nikaiweka programu yao kwenye simu. Dada, nilinogewa! Watu wananunua theluji ya kesho, bei ya mayai, hata kama waziri fulani atajiuzulu. Nilitaka kujua nani anapanga bei, nani yuko upande wa pili, na kama itaniuliza nimesimama kwenye ardhi ya nani. Haikuuliza. Siku ya nne nikaikuta kesi yetu wenyewe: je, watu wa Ziwa la Fisimaji watashinda? Wageni wasioweza hata kutamka jina letu walikuwa wameshanunua.

Jumanne iliyopita wakili wetu, Denise, aliita mkutano. Alisema kampuni inadai biashara yake hufanyika kwenye kompyuta za mbali, si hapa kwetu. Akaomba mtu mmoja aliyenunua akiwa ndani ya mipaka yetu, mwenye kumbukumbu kwenye simu. Ukumbi mzima ukatazama viatu vyake, na nusu yao nawajua wanacheza. Nikanyoosha mkono.

Mjomba akaniuliza nilinunua nini, na wapi. Nikasema kesi yetu, nikiwa zahanati, kando ya kitanda cha mama. Akauliza, "Ulichagua ipi?"

Hapana, dada. Nilichagua Hapana, kwa dola ishirini. Mjomba alinituma kuchunguza, hakunituma kununua. Nilijiambia ni udadisi tu, lakini kidole hakikusita. Tumepoteza kesi nyingi mno tangu enzi za bibi, na siku ile ndipo nilipojua kuwa siamini tutashinda.

Mtu mmoja nyuma akaguna, "Mkaguzi wetu huyo!" Mjomba akasema, "Basi kamwambie jaji hivyo hivyo. Usiipambe." Nitatoa ushahidi Alhamisi, na magazeti yatakuwepo. Nimetaka uyasikie haya kwangu kwanza.

Mama nilimwambia jana. Alifikiri, akauliza kama naweza kuirudisha ile Hapana. Siwezi. Denise amenikataza kuiuza mpaka hukumu, kwa kuwa sasa ni ushahidi. Kwa hiyo ninatembea nayo mfukoni: tukishindwa, nalipwa. Kila asubuhi naifungua kutazama bei, na tangu Jumanne kila nikiona Hapana imeshuka hata senti moja, nafurahi peke yangu kama mwehu.

Mama anakusalimu, na mjomba pia. Mbusu mtoto kwa niaba yangu. Ukiwa na hasira, nipigie tu unigombeze, nitapokea.

Mdogo wako akupendaye,
Ramona