Nani Atampa Mamaye Kidonge Tupu

Mbagala, 19 Julai 2021. Asubuhi mawingu na kibaridi.

Dada Rukaiya,

Shikamoo. Natumaini huko Muscat hujambo na bosi wako kakurudishia simu. Sie tupo, ila mtaa mzima unakohoa. Mama kifua kimembana tangu Ijumaa. Nimempeleka zahanati kwetu, kapimwa, ana korona. Hajafika pa kuwekewa oksijeni, usiogope.

Nimemwingiza kwenye utafiti wa dawa mpya. Wagonjwa wengine wanapewa dawa, wengine kidonge kinachofanana nayo kisicho na kitu ndani, na hata sie wauguzi hatujui nani kapata kipi. Nilimsomea yote kabla hajaweka dole kwenye fomu. Unamjua mama yako, akapaza sauti mbele ya foleni: "Na wewe Yuliana, mie niliyekupokea ulipotoka Masasi na kibegi kimoja, ndio unipe kidonge tupu?" Watu wakacheka hadi mlinzi akaja kuchungulia.

Nitakuarifu.

Mdogo wako,
Yuliana


Muscat, 11 Agosti 2021

Yuliana,

Salaam. Hali yangu usiulize. Mama kazikwa sijamwona, bosi kakataa nisisafiri.

Kaka Nassibu alienda zahanati kwenu. Daktari Benedikto kamwambia baada ya msiba wamefungua orodha ya siri, mama alikuwa kundi la vidonge tupu, na kwamba alikaidi. Aliambiwa akibanwa pumzi arudi siku hiyo hiyo, akakaa ndani siku tatu. Kwa hiyo wao hawana kosa.

Mama yangu mkaidi? Siku hizo tatu nilikuwa naongea naye. Nilimwambia arudi. Akanijibu huku anahema, "Nirudi kufanya nini? Yuliana kaniambia changu ndicho chenye dawa." Wewe hukuniandikia hilo.

Nassibu kapeleka malalamiko kwenye baraza la wauguzi, anaidai na zahanati fidia. Watakuita. Sitaki uongeze wala upunguze. Sema ulichomwambia, mama asibaki kaburini na jina la ukaidi.

Mtoto wa marehemu Chausiku,
Rukaiya


Mbagala, 4 Oktoba 2021. Jua kali tangu saa moja.

Dada,

Shikamoo. Nimechelewa kujibu, kila nikianza nafuta.

Ni kweli. Nilimjibu, "Nani atampa mamaye kidonge tupu? Chako ndicho chenye dawa." Ningesemaje mbele ya watu wote wale? Nikisema sijui, ni kama nimemkana kwamba si mama yangu. Nilidhani namtuliza tu.

Baraza ni Alhamisi. Daktari kaniita pembeni: "We sista, sema ulisoma kama ilivyoandikwa, koma hapo hapo. Ukiongeza neno, leseni huna, na usije kulia kwangu." Shemeji yako Valerian tangu wafunge karakana hana kazi, mshahara ni wangu peke yangu. Ananiambia, "Mama Adelina, marehemu harudi."

Nitasema. Naomba unijibu hata neno moja kabla ya Alhamisi.

Mdogo wako,
Yuliana


Mbagala, 25 Oktoba 2021. Manyunyu, matope mlangoni.

Dada,

Shikamoo. Hujajibu, nakuandikia hivyo hivyo.

Nilisema yote, Nassibu kakaa nyuma yangu. Nilipomaliza, wakili wa zahanati akanishukuru, dada. Akawageukia wale wazee wa baraza: "Mmesikia wenyewe. Utafiti hauna kosa. Kosa ni la muuguzi mmoja na mdomo wake." Leseni yangu imesimamishwa. Nassibu kaambiwa hana cha kuidai zahanati, akitaka anishtaki mimi.

Nje nilimkimbilia. Akasema bila kusimama, "Jina la mama umelisafisha. Na wao umewasafisha." Zahanati bado wanaandikisha watu kwenye utafiti ule ule. Muuguzi mwenzangu Auleria ndiye anayekaa mezani pangu.

Jana ilikuwa hitma ya mama. Nilijifunga kanga, nikachukua kisu changu, nikaenda kumenya vitunguu kama jirani yeyote. Nassibu alikuwa getini. Hakunigombeza. Angenigombeza ningefurahi. Alisema, "Asante, sista, wapo wa kutosha," akasogea kidogo kuwapisha wanawake waliokuwa nyuma yangu.

Dua niliisikia kwenye kipaza sauti, nimekaa kitandani kwangu na kanga yangu kiunoni. Nilipata usingizi saa kumi alfajiri.

Mdogo wako,
Yuliana