Okidi ya Dirisha la Cherehani

Nyumbani kwenu,
Chumba cha cherehani,
Jumamosi, tarehe 14 Juni.

Mpendwa mwanangu Sisimizi,

Salamu nyingi za mama yako mdogo kutoka dirisha lile lile unalolijua, uzi ukiwa mdomoni na mguu kwenye cherehani. Hali yako sikuulizi, naijua. Nakuuliza madogo: usingizi unakuja? Chakula kinapita? Mkwe wetu bado anakoroma, au kwa heshima yako amepunguza? Sisi huku wazima. Linalolalamika ni goti la baba yako tu, na kila likilalamika mvua hunyesha, kwa hiyo tumeacha kulihurumia, tunakimbilia kuanua nguo.

Nimeshika kalamu kwa sababu simu umeizima, wala sikulaumu. Barua ina adabu kuliko simu. Haiiti wala haigombi, ukitaka unaiweka chini ya mto mpaka upate nguvu. Ila hii usiiweke sana. Mama yako anapanda basi Alhamisi kuja kwako, na mimi naogopa hutamfungulia mlango.

Najua ulimwambia mumeo kwamba hutaki mtu wa nyumbani aje. Alitufikishia, na mama yako alisikia kwa masikio yake. Bado anakuja. Kwa nini nakuomba umpokee, nitakueleza, lakini itabidi univumilie kwanza nikupe habari za ua lako, ile okidi.

Iko hai. Niseme hilo mapema usije ukasoma roho mkononi.

Unakumbuka uliituma wiki ile ile uliyotupa habari ya mimba. Ilifika na maua meupe yamejipanga kwenye kijiti kama vipepeo waliochoka kuruka. Tuliiweka sebuleni, baba yako akaacha kutazama taarifa ya habari akawa anaitazama yenyewe. Wateja wangu wakija kupimwa nguo, kwanza wanaisalimia yenyewe, ndipo wanikumbuke mimi.

Kisha maua yakaanza kudondoka, moja moja. Sasa tunajua kwamba okidi huchanua, ikapumzika, ikachanua tena, na maua kudondoka si ugonjwa. Wakati ule hatukujua. Na ni siku hizo hizo mkwe wetu alipopiga simu kutuambia mtoto hayupo tena.

Mwanangu, niliumia. Nilikuwa napiga pasi gauni la mteja, nikalilowesha kwa machozi, ikabidi nilifue upya na kumdanganya mwenyewe kwamba umeme ulikatika. Mama yako hakulia. Alichukua birika akaenda kuimwagilia okidi.

Basi balaa likaanzia hapo. Mama yako akawa anaimwagilia alfajiri kwa birika. Baba yako anasubiri mkewe aende sokoni, naye anaimwagilia kwa kikombe chake cha kunyolea. Mimi naipulizia kwa chupa ya pasi kila nikipita, na mimi kupita ndiyo kazi yangu. Kila mmoja alidhani wenzake wameisahau, na kila mmoja aliona haya kusema. Tukaihamishia kwenye chungu cha udongo mweusi wenye samadi, kama mchicha. Ile mizizi minene inayochomoza nje, baba yako akaifukia yote, eti si heshima mizizi kukaa uchi mbele ya wageni.

Majani yakawa manjano. Sisi tukazidisha maji.

Asubuhi moja tukakutana pale sebuleni, watatu, kila mtu na chombo chake mkononi. Hapakuwa na pa kujificha. Baba yako alijaribu kusema anakwenda kunyoa ndevu, na ndevu alishanyoa.

Mama yako akakikumbatia chungu, tukaenda kwa Mama Miche, yule mwenye kitalu nyuma ya gereji. Akaing'oa, akakung'uta udongo, akatuonyesha. Mizizi ilikuwa myeusi na laini, inanuka kama tambara lililosahaulika kwenye ndoo.

"Nani kaifanya hivi?"

"Sisi," mama yako akajibu. "Tunaipenda."

"Naona. Imependwa mpaka ikaoza."

Lakini hakutufukuza. Alituambia kwamba mmea huu kwao huishi juu ya miti, umeshikilia gome, mizizi ikipigwa na upepo. Ukiuzika udongoni umeunyima pumzi. Akakata mizizi iliyooza kwa wembe aliokwisha kuupitisha motoni, akapaka unga wa mdalasini kwenye vidonda, akaipanda upya katika vipande vya magome na mkaa, ndani ya chombo cha plastiki chenye matundu, kinachoonyesha mpaka ndani. Ipate mwanga, lakini jua kali lisiichome. Maji usiipe mpaka mizizi iwe na rangi ya majivu. Ukiimwagilia itageuka kijani, nawe unaishia hapo, unayaacha maji yote yachuruzike. Yakituama katikati ya majani, unayafuta kwa kitambaa. Na mzizi ukitaka kutoka nje, usiufukie, unapumua.

"Na siku nyingine zote nifanye nini?" mama yako akauliza.

"Kaa nayo tu, mama. Itazame."

"Basi? Hakuna kingine?"

"Hicho chenyewe kitakushinda."

Tukarudi, mama yako amekikumbatia chombo kipya. Tulipofika kwenye kona ya fundi viatu akasimama ghafla, watu wanatupita, akaniambia, "Mtoto tumemzamisha." Nikadhani anasema okidi. Akatikisa kichwa. "Binti yangu. Mimi asubuhi, baba yake mchana, wewe jioni, kila mtu na maneno yake. Nani amemwacha apumue?"

Ilikuwa kweli. Tulikupigia kama wadai. Huyu kula maini, yule kunywa uji, mwingine usinyanyue tena vikapu vya mashuka huko kazini, na wote tukaishia kwenye lile neno la kila mtu, kwamba utapata mwingine, kana kwamba yule alikuwa sahani iliyovunjika. Pole, mwanangu. Pole sana. Neno hili ndilo tulilopaswa kusema, kisha tunyamaze.

Na la vikapu, nisikilize. Mumeo ametueleza kwamba daktari alisema waziwazi si vikapu vilivyosababisha, na kwamba wewe humsadiki. Tangu utotoni ulikuwa unabeba vitu vinavyokuzidi kimo, ndiyo maana tukakuita Sisimizi. Mzigo huu si wako. Utue.

Okidi sasa iko dirishani kwangu, nyuma ya pazia jepesi. Kikombe cha kunyolea tulikificha, baba yako akakaa na kidevu cha beberu mpaka alipoapa kwamba ameacha. Mama yako kila asubuhi anavuta kigoda, anakaa, anaitazama mizizi, hafanyi kitu. Ilimtesa, usidhani ni mchezo. Kuna siku nilimkuta ameikalia mikono yake mwenyewe. Subira huvuta heri, lakini kwanza humtoa mtu jasho. Tukaona jani jipya, kisha mizizi mipya inayong'aa ncha, na baada ya miezi, kijiti chembamba kikajitokeza, kinapinda kuufuata mwanga. Leo kina vitumba, bado havijafunguka.

Usidhani nakufumbia. Ua ni ua. Mtoto wako hatarudi kwa sababu kijiti kimechipua, na yeyote atakayekuambia hivyo mlete kwangu nimshone mdomo. Mimi nakupa habari za mama yako. Yule mwanamke unayemjua, asiyeweza kuona sufuria imefunikwa bila kuifunua, amejifunza kukaa karibu na kitu anachokipenda na asikiguse.

Alitaka kuja nayo. Mama Miche akakataza, akisema kwa mtikisiko wa basi vitumba vyote vitaanguka. Kwa hiyo anakuja mikono mitupu, naye hajapata kwenda kwa mtu bila kapu. Jana alilijaza, akalimwaga, akalijaza tena, mwishowe akalirudisha juu ya kabati na kukaa kitandani. Hapo ndipo alipolia. "Nikifika sina kitu, nitamwambia nini?" Nikamwambia, "Humwambii, dada. Unakaa."

Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mama yako anaujua uchungu wako kwa sababu wewe ni wake. Nawe sasa unaujua wa kwako, maana mzazi ulikwisha kuwa, hata kama hukujaliwa kumpakata.

Basi ombi langu ndilo hilo, umfungulie. Usipike, usifagie, usijikaze kutabasamu. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kumpa mgongo, mpe, ameniahidi hatauliza. Watu husema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mimi sikuahidi uponaji wowote. Nakuahidi mtu wa kukaa naye.

Baba yako anakusalimu sana. Tangu jana ameniuliza mara kadhaa kama kweli ninaweza kuachiwa okidi peke yangu, yeye wa kikombe! Fundi viatu naye anakuulizia kila nikipita, na nimemkataza kukupigia. Mama Miche anakupa pole. Nisalimie mkwe wetu, mwambie tumeona anavyokutunza na tunamshukuru. Mungu akutulize kifua usiku, na asubuhi akupe pumzi isiyouma.

Wako akupendaye daima,
Mama Mdogo.

N.B. Ukisikia hodi na mwili ukakataa kuinuka, usijilazimishe. Kitu pekee alichobeba ni mto mdogo niliomshonea kwa masalia ya vitambaa. Atauweka chini, atakaa hapo nje ya mlango. Ameshazoea.